Kumwoka Bata Mzinga Mzima Nyumbani

Leo twataka kuzungumza habari za jikoni, wala asidhani mtu kwamba habari za jikoni si elimu.

Mwenye bata mzinga uani mwake amemlisha miezi mingi. Alipokuwa kifaranga alimkinga na mvua, maana vifaranga vya ndege huyu hufa upesi kwa unyevu na baridi. Alipokua kidogo alimlinda na nguchiro na mwewe. Hata siku ya arusi au ya sikukuu imewadia, wageni wamekwisha alikwa, ndege amechinjwa na kutiwa motoni. Baada ya saa tatu atolewa, na ngozi yake ni nyeusi kama masizi, lakini penye kiungo cha paja nyama ingali mbichi. Au ameachwa hata paja likaiva, na kifua kimekuwa kikavu kama kumbi la nazi, kila mgeni aomba maji. Jambo hili la pili ni aibu tu. La kwanza ni hatari, kwa kuwa nyama mbichi ya ndege aghalabu ina vijidudu vya ugonjwa, mathalan vile viitwavyo salmonela, na watu waliokula sinia moja waweza kuugua tumbo wote pamoja. Basi yafaa tueleze kwa nini mambo haya hutokea, na jinsi mtu asiye na jiko la kizungu awezavyo kuyaepuka.

Kwanza tumjue ndege mwenyewe. Bata mzinga si bata, ijapokuwa twamwita hivyo. Yeye ni wa jamaa ya kuku, kanga na kwale. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na watu wa Meksiko walimfuga zamani sana, kabla merikebu za Wahispania hazijafika kwao. Wahispania walimpeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16, na kwa kuwa watu hawakujua sawasawa atokako, kila taifa lilimsingizia jirani. Waingereza humwita kwa jina la Uturuki. Waturuki wenyewe humwita kwa jina la Hindi, na Wafaransa kadhalika. Waholanzi wamempa jina litokanalo na Calicut, bandari ya Bara Hindi. Wamisri humwita jogoo wa Rumi. Wareno ndio waliokaribia kidogo, maana wao humwita kwa jina la Peru, nayo Peru iko Amerika, lakini ni Amerika ya Kusini!

Katika Marekani bata mzinga ni chakula cha Siku ya Shukrani. Rais Abraham Lincoln aliitangaza siku hiyo kwa taifa zima mwaka 1863, na mwaka 1941 sheria iliiweka iwe Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Katika Uingereza ndiye ndege wa Krismasi. Lakini msidhani kwamba kila Mwingereza wa zamani alikuwa na tanuri nyumbani kwake. Katika hadithi ya Krismasi iliyoandikwa na Charles Dickens mwaka 1843, jamaa ya Bwana Cratchit, walio maskini, hula bata bukini, naye huokwa katika tanuri ya mwoka mikate. Bata mzinga mkubwa huja baadaye, kwa zawadi ya tajiri. Ndivyo walivyofanya maskini wengi wa London wakati ule: walipeleka chakula chao kwa mwoka mikate, wakarudi kukichukua kimeiva. Twataja habari hii kwa sababu katika miji yetu pia wako waokao mikate kwa tanuri za kuni, na tanuri iliyokwisha toa mikate ingali na joto jingi lipotealo bure. Mtu akipatana na mwenyewe, ndege wake ataiva vizuri kuliko katika majiko mengi ya nyumbani.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Kuoka si kuchoma. Achomaye nyama huiweka juu ya makaa, joto laipiga upande mmoja, naye huigeuza-geuza. Nyama nyembamba yafaa kuchomwa hivyo. Aokaye huifungia nyama mahali palipozungukwa na joto pande zote, joto la kadiri, akaiacha. Bata mzinga mzima hataki kuchomwa juu ya makaa, na sababu yake ni unene. Joto haliruki kutoka ngozi hata mfupa; huingia polepole, kila tabaka la nyama likiipasha ile iliyo ndani yake. Tena wanafunzi walishike neno hili: unene ukizidi mara mbili, muda hauzidi mara mbili tu, huzidi karibu mara nne. Ndiyo sababu mtu aliyezoea kuku hukosea kwa bata mzinga. Huona ndege ni mkubwa, hufikiri dawa ni kuongeza moto. Moto ukiongezwa, ngozi huungua, na ndani hakuna habari. Ndege mkubwa hutaka moto mdogo na saa nyingi.

Yako na matata mengine, nayo ndiyo makubwa zaidi. Bata mzinga ana nyama za namna mbili katika mwili mmoja. Ndege huyu hutembea kutwa nzima, na kuruka huruka mara chache, tena kitambo kidogo tu. Basi miguu na mapaja hufanya kazi daima. Nyama yake ni nyekundu, ina mafuta kidogo, na imefungwa kwa nyuzi ngumu ambazo wataalamu huziita kolajeni. Nyuzi hizo hazilegei upesi. Zataka joto jingi, yapata digrii 80 za sentigredi, tena kwa muda, ndipo ziyeyuke na kuifanya nyama kuwa laini na yenye utelezi mzuri mdomoni. Kifua hakifanyi kazi kubwa. Nyama yake ni nyeupe, haina mafuta wala nyuzi ngumu. Hiyo huiva upesi, na ikipita digrii 74 kwa mbali hukamuka maji yake yote, kama nguo ikamuliwavyo. Basi mpishi amepewa ndege mmoja, na sehemu moja yataka moto zaidi, na sehemu ya pili yamwomba aache. Mashauri yote tutakayotoa, ukiyatazama, ni ya kutafuta suluhu kati ya kifua na paja.

Tuanze na kuchinja. Ndege anyimwe chakula tangu jioni, lakini maji apewe, ili matumbo yake yawe matupu. Nyumba yenye wageni wa dini mbalimbali hufanya vema kumwomba jirani Mwislamu achinje, ili kila mgeni aweze kula bila shaka moyoni. Ni desturi ya mahali pengi kwetu, nayo ni desturi njema. (Bwana Benjamin Franklin wa Marekani, aliyechungua sana habari za umeme, aliamini kwamba ndege auawaye kwa umeme huwa na nyama laini. Mwezi wa Desemba mwaka 1750 alikuwa karibu kumwua bata mzinga kwa njia hiyo, umeme ukampiga yeye mwenyewe, nusura afe. Sisi twaona kisu chatosha.) Maji ya kunyonyolea yawe ya moto lakini yasichemke, maana yachemkayo huipika ngozi ikararuka. Utumbo utolewe bila kupasua nyongo, na kile kifuko cha chakula kilichoko shingoni kisisahauliwe. Firigisi, moyo, ini na shingo viwekwe kando, vitapata kazi yake.

Walio na jokofu wamlaze humo usiku mmoja, kwa kuwa nyama ya ndege aliyechinjwa sasa hivi hukakamaa, na saa zikipita hulegea tena. Wasio nalo wamchinje alfajiri na kumwoka asubuhi ile ile. Hata nyama yake ikiwa ngumu kidogo, ni afadhali kuliko kumlaza mbichi usiku kucha katika joto. Na yule aliyenunua ndege wa barafu dukani ajue kwamba hayeyuki kwa saa moja. Katika jokofu hutaka yapata siku nzima kwa kila kilo mbili au zaidi kidogo. Ndege wa kilo tano hutaka siku mbili na zaidi. Akitiwa motoni na barafu ingali ndani yake, yale tuliyoyasema ya nje kuungua na ndani kuwa mbichi yatatimia bila shaka.

Hapa twajua kwamba tutapingwa. Akina mama wengi hawamtii ndege jikoni ila wamemwosha tena na tena kwa maji mengi. Ndege akichinjwa nyumbani hana budi kusafishwa damu na uchafu, hapo hatuna ubishi. Lakini akisha kuwa safi, au akitoka dukani amekwisha safishwa, kumwosha tena hakuui vijidudu. Maji huruka, yakavipeleka juu ya meza, vyombo, na kachumbari iliyoandaliwa. Vijidudu huuawa na moto peke yake. Mpanguse ndege kwa kitambaa au karatasi, kisha mwoshe mikono, kisu na ubao kwa sabuni.

Akisha pangusika, apakwe chumvi. Kwa ndege wa kilo tano vijiko vya chai sita au saba vyatosha. Nusu ipakwe kifuani na mapajani chini ya ngozi, nusu nje na ndani ya tumbo. Mwenye jokofu afanye hivi siku moja mbele. Chumvi huvuta maji ya nyama nje, ikayeyuka ndani yake, kisha maji yale yenye chumvi hurudi ndani polepole, na nyama iliyoingiwa na chumvi hushika maji yake vizuri zaidi ipikwapo. Hiyo ndiyo hifadhi kubwa ya kifua. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na ndimu ni kwa ladha, kila mtu na apendavyo, na samli ipakwe mwisho juu ya ngozi iliyokauka. Wako wapendao kumjaza ndege wali au mikate tumboni. Sisi hatushauri. Tumbo likijaa, joto huchelewa kufika ndani. Tena maji ya nyama mbichi hudondokea wali, nao ukiwa haujapata moto wa kutosha ni sumu ya mezani. Pikeni wali wenu katika chungu chake, na tumboni mtie kitunguu kimoja na majani ya kiungo, basi.

Mwenye tanuri ya udongo awashe kuni ndani yake hata kuta zishike moto sana, kisha aondoe makaa, afagie, na kungoja joto litulie. Kulipima, anyunyize unga kidogo wa ngano sakafuni mwa tanuri: ukiwa mweusi mara moja, angoje, ukigeuka rangi ya kahawia polepole, wakati umefika. Amweke ndege katika sinia yenye kingo, miguu ielekee ndani kwenye joto zaidi na kifua kielekee mlangoni, kisha azibe mlango kwa bamba na udongo. Mwenye jiko lenye kipimo aweke digrii 165, na ndege wa kilo nne hadi tano na nusu, asiyejazwa kitu, atataka yapata saa tatu.

Asiye na tanuri anayo sufuria, na watu wa pwani wajua tangu zamani kuoka mikate kwa moto wa chini na moto wa juu. Itafutwe sufuria nene na pana, ndege apate kulala ndani bila kugusa kifuniko. Chini vipangwe viazi vizima na vitunguu vilivyokatwa nusu, na kikombe kimoja cha maji, ili ndege asishike chini akaungua. Alale chali. Kwa kuwa mapaja yako chini, karibu na moto, na kifua kiko juu, tumekwisha pata nusu ya suluhu tuliyoitafuta. Kifua kifunikwe kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni likalegea na kupakwa samli. Sufuria ifunikwe barabara na kuwekwa juu ya makaa ya kadiri, si ndimi za moto. Juu ya kifuniko viwekwe vipande vichache tu vya makaa. Kila makaa yanapofifia yaongezwe machache. Kwa saa mbili na zaidi ndege ataiva kwa mvuke na joto pamoja. Kisha jani liondolewe, makaa ya chini yapunguzwe, ya juu yaongezwe, makaa ya vifuu vya nazi yakiwapo ni mazuri sana, na kifua kitapata rangi. Twakiri kwamba ngozi ya ndege wa sufuria haiwi kavu na yenye kuvunjika kama ya tanuri. Nyama yake lakini ni laini, na viazi vilivyonywa mafuta yake hugombewa na watoto.

Katika muda huo wote mpishi asifunue-funue. Vitabu vingi vya upishi huamuru ndege amwagiwe mafuta yake kila nusu saa. Mafuta hayo hayaingii nyamani. Huteleza juu ya ngozi yakarudi chini, na kila mara mlango ukifunguliwa joto lote hutoka, na saa ya kula yazidi kusogea mbele.

Na tutajuaje kwamba ameiva? Wazee hutoboa paja, na maji yakitoka meupe bila wekundu husema tayari. Hutikisa mguu pia, nao ukicheza katika kiungo chake hufurahi. Dalili hizi zasaidia, lakini rangi hudanganya: yako maji meupe katika nyama isiyoiva, na yako mekundu katika nyama iliyoiva. Shahidi wa kweli ni kipima joto cha nyama, kile chenye sindano ndefu. Si ghali ukilinganisha na bei ya bata mzinga, na watu wa kijiji waweza kukinunua kimoja kwa shirika. Sindano ichomwe ndani ya paja, mahali penye unene, isiguse mfupa, maana mfupa una joto lake. Mahali popote pa ndege pasipofika digrii 74 hapajaiva. Pajani mngoje hata yapata digrii 80, kwa ajili ya zile nyuzi ngumu. Kifuani 74 zatosha kabisa. Wala mtu asichukue kile kipimo cha homa cha hospitali! Hicho mwisho wake ni digrii 42. Katika nyama ya moto kitapasuka, na kikiwa cha zebaki kitaharibu chakula chote.

Akitoka motoni asikatwe mara moja, hata kama wageni wamekwisha nawa. Aachwe nusu saa, amefunikwa kidogo. Joto lililoko nje laendelea kuingia ndani, na maji ya nyama huwa mazito kidogo yasikimbie kisuni. Nusu saa hiyo ndiyo ya kutengeneza mchuzi: mafuta yaliyo juu ya maji ya sinia au sufuria yaenguliwe, vijiko viwili vya mafuta hayo vikaangwe na vijiko viwili vya unga hata vinukie, kisha maji yale yaliyobaki yamiminwe kidogo kidogo pamoja na supu ya firigisi na shingo, huku yakikorogwa. Mchuzi ukiwa mzito kama uji mwepesi, uko tayari.

Katika kukata, miguu itolewe kwanza penye viungo, si kwa kupasua mfupa. Kifua chote kitolewe kando ya mfupa wa kidari, kiwekwe ubaoni, kikatwe vipande kwa kukingama nyuzi zake. Mtu aliyekula kipande kilichokatwa kwa urefu wa nyuzi hudhani ndege alikuwa mzee.

Nyama iliyobaki isiachwe mezani hata magharibi. Mwisho wake ni saa mbili, na mahali penye joto kali la kupita digrii 32, saa moja tu. Kisha itiwe katika jokofu, na siku ya pili ipashwe hata itoe mvuke mwingi. Pasipo jokofu, wagawiwe majirani siku ile ile, kila mtu aondoke na fungu lake. Mifupa isitupwe. Ivunjwe, itiwe katika chungu pamoja na kitunguu, maji yaifunike, ichemke polepole saa tatu. Supu yake, ikipozwa katika jokofu, huganda kama utomvu. Hiyo ni ile kolajeni tuliyokuwa tukipigana nayo pajani, sasa imeyeyuka yote, nayo hufanya supu nzuri ya asubuhi kwa wale waliolala wamechoka kwa kazi ya sikukuu.